Saa za Yonas Madole katika Safu ya Nne

Jumamosi, tarehe 9 Februari 2019, tulimzika Yonas Madole kwao Mamboya. Wasifu wa marehemu ulisomwa na mpwa wake, binti mwenye sauti safi, na miaka kumi na saba ya kazi ya Yonas ikapita katika sentensi moja: "Aliwahi pia kufanya shughuli mbalimbali za chuo kikuu huko Mikumi." Nilikuwa nimekaa benchi la tatu, upande wa kina mama. Watu waliitikia kwa kichwa, kwaya ikasimama, nami nikabaki nikiitazama mikono yangu. Shughuli mbalimbali. Binti yule hakuwa na kosa. Aliandika alichokikuta katika karatasi za mjomba wake. Karatasi hizo nilizikusanya mimi, Mama Agnesi, karani wa takwimu wa kituo cha Kilosa, katika mwaka ambao kwangu ulianza tarehe 14 Septemba 1993 na kuisha tarehe 12 Mei 1994. Kwa kalenda haukutimia mwaka. Kwangu ulitosha.

Habari za ukoo wangu na za ndoa yangu nitaziacha mahali pake. Inatosha msomaji ajue kwamba wakati huo nilikuwa na umri wa miaka arobaini na miwili, mjane wa miaka mitatu na nusu, na kwamba cheti changu cha kidato cha nne nilikipata nikiwa na miaka thelathini na saba, kwa masomo ya posta, kitabu kikiwa juu ya goti na mboga ikiwa jikoni. Mtu aliyesoma utotoni husahau kwamba amesoma. Mimi sikusahau hata siku moja. Tarehe niliandika kamili; namba saba niliikata kiunoni isije ikafanana na moja; nilipokosea sikupaka wino juu ya kosa, bali nilipiga mstari mmoja na kutia saini pembeni, kama kitabu cha ukarani kilivyofundisha. Nilipenda sana kusikia wakisema pale kituoni, "Mpelekee Mama Agnesi, yule hakosei."

Kituo chenyewe, mali ya chuo kikuu, kilikuwa nyumba ya vyumba vinne mjini Kilosa, iliyowahi kukaliwa na meneja wa shamba la mkonge, pamoja na chumba kimoja Mikumi, kando ya barabara kuu. Kazi yake ilikuwa moja tu: kujua ni udongo kiasi gani unaochukuliwa na mvua kutoka milimani na kushushwa mabondeni, ambako wakulima wa mpunga, hadi kule Tindiga, mwaka mmoja huupokea kama mbolea na mwaka mwingine hufukiwa nao mashamba. Mikumi kulikuwa na vitalu sita kwenye mteremko, kila kimoja kimezungushiwa bati, na chini yake pipa. Mvua ikinyesha, maji na tope huingia pipani. Mzee Yonas aliyakoroga, akachota chupa moja, akayachuja katika karatasi, akaikausha karatasi hiyo juu ya jiko la mafuta ya taa, akaipima kwenye mizani na kuandika. Alianza kazi hiyo mwaka 1977, na hakuwahi kupewa msaidizi. Mkuu wetu alikuwa Dakta Elisante, mhadhiri, aliyekaa nasi Kilosa siku tatu kwa juma na siku nyingine akafundisha makao makuu ya chuo.

Jumanne ile ya tarehe 14 Septemba alifika mgeni kutoka Idara ya Mipango ya chuo, mchumi wa miaka thelathini hivi aitwaye Kasimu. Ulikuwa wakati wa kila kitu ruksa. Maduka ya Kilosa yalikuwa na sabuni za rangi zote, mitumba ilitandazwa hadi karibu na stesheni, na kila aliyekuwa na redio alikuwa akisikiliza kama idara yake itatajwa katika habari za kupunguza wafanyakazi. Kwa hiyo mgeni mwenye mkoba alipoteremka kwenye gari, hakuna aliyemkaribisha kwa furaha. Yeye, kwa kweli, alikuwa na adabu. Alinisalimu, "Shikamoo mama," kabla hajamsalimu Dakta, na alipoketi alieleza shida yake kwa unyenyekevu. Serikali na wafadhili walikuwa wameuliza chuo kinatumia kiasi gani katika utafiti, na chuo hakikujua. Katika bajeti utafiti haukuwa na kifungu chake. Mishahara ilikuwa fungu moja, umeme fungu moja, mafuta ya gari fungu moja. Na mtu yule yule aliyelipwa mshahara huo alifundisha asubuhi, alitafiti mchana, na jioni alikaa katika kikao cha kamati. "Sasa hatuwezi kuzipima fedha zenyewe," alisema, "tutapima saa. Mtu akituambia theluthi ya saa zake ni utafiti, basi theluthi ya mshahara wake na ya taa inayomwakia ni utafiti."

Tulikuwa tukila wakati huo barazani, wali wa Tindiga na maharage, chakula alichotuletea Mama Rehema kutoka kibanda chake cha jirani. Bwana Kasimu alinyoosha kijiko. "Chukulieni jiko la mama hapa. Mkaa ni mmoja, umepika wali na umepika maharage. Nani atajua mkaa wa maharage ulikuwa kiasi gani?"

"Mwanangu," Mama Rehema alimjibu huku akikusanya sahani, "mkaa hauulizwi hivyo. Wewe uondoe tu, ndipo utakapojua ulikuwa unapika nini."

Tulicheka, na Bwana Kasimu akacheka kuliko sote. Kisha akanikabidhi fomu. Kila mfanyakazi angejaza moja kwa juma, kwa majuma manane, kuanzia Jumatatu tarehe 4 Oktoba. Fomu ilikuwa na safu nne: kufundisha, utafiti, utawala, mengineyo. "Mama, wewe ndiye msimamizi wangu hapa," aliniambia. "Sitaki ukarimu. Nataka ukweli wa mtu mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe." Nilijibu kwamba hilo alikuwa amelileta mahali pake. Niliona fahari, nisiseme uongo. Chuo kikuu kizima kilikuwa kikitafuta kujijua, na mmoja wa watakaokijulisha nilikuwa mimi wa masomo ya posta.

Hapa lazima nieleze desturi moja ya kituo chetu, ambayo mgeni hakuweza kuijua na sisi hatukufikiri kuisema, kama mtu asivyofikiri kumweleza mgeni kwamba kizingiti chake kiko juu kidogo. Mwaka 1986 wakaguzi walipopitia madaftari yetu walikuta watu wawili wameandika neno "utafiti" katika siku ambazo hapakuwa na posho iliyosainiwa. Kwa wakaguzi, utafiti ulikwenda na posho. Basi posho ya siku hizo ilikuwa wapi? Haikuwapo, watu wale hawakula hata senti, lakini walisimamishwa kazi miezi mitatu wakijieleza kwa barua. Tangu hapo hakuna mtu wa kituo chetu aliyeandika "utafiti" isipokuwa kulikuwa na mradi, wageni na karatasi ya kusaini posho. Siku nyingine zote tuliandika "kazi ya kawaida." Nilipoajiriwa nilifundishwa hivyo kabla sijaonyeshwa choo kilipo. Na mradi wa mwisho wenye posho ulikuwa umekwisha mwaka 1990.

Jumamosi tarehe 16 Oktoba nilipanda basi la asubuhi kwenda Mikumi, kupitia vijiji vya Ulaya na Zombo, kukusanya fomu za majuma mawili ya kwanza. Chumba cha Mzee Yonas nakikumbuka kuliko vyumba nilivyoishi mwenyewe. Kilinukia mafuta ya taa na udongo mbichi. Kamba mbili zilikatiza kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake karatasi za kuchujia zilining'inia zimebanwa kwa vibanio vya nguo, kila moja na doa lake la hudhurungi katikati. Nje malori ya kwenda Iringa yalipiga honi kuwaita mabinti wauza vitunguu. Nilipiga hodi nikamwamkia.

"Shikamoo, Mzee Yonas."

"Marahaba, Mama Agnesi. Habari za Kilosa? Bado mpo, au mmeshauzwa?"

"Tupo. Nani atatununua na uzee huu?"

"Mbona mashamba ya mkonge yamenunuliwa pamoja na uzee wake," alisema, akanisogezea kigoda. Alinigawia ugali wake na mlenda, nikala, kwa sababu kwake kukataa chakula kulikuwa tusi. Kisha akafungua daftari, akatoa fomu mbili zilizokunjwa vizuri. Mwandiko wake ulikuwa wa shule ya misheni, umelala upande mmoja kama nyasi katika upepo. Kufundisha, sifuri. Utafiti, sifuri. Utawala, sifuri. Mengineyo, saa arobaini na nane. Juma la pili vivyo hivyo.

Niliitazama fomu muda mrefu. Ukweli lazima niuseme: niliona. Juu ya kichwa changu zilikuwa zikining'inia karatasi ishirini na kitu za udongo uliopimwa, na mbele yangu ilikuwa sifuri. Nikamuuliza, "Mzee, hapa kwenye utafiti huna hata saa moja?"

"Utafiti?" Alicheka mpaka akakohoa. "Mama Agnesi, unataka nisimamishwe uzeeni? Umeona posho hapa? Umeona Mzungu na kofia? Mimi napima tu. Andika napima."

"Safu ya kupima haipo."

"Basi ndiyo maana nimeweka mengineyo. Si ndiyo kazi yake hiyo safu, kubeba tusio na pa kwenda?"

Nilitia fomu katika faili. Ningeweza kumwandikia Bwana Kasimu barua ya mistari mitatu kumuuliza wao huko wanaita nini utafiti. Posta ilikuwa inafanya kazi, na karatasi nilikuwa nazo. Sikuuliza, kwa sababu msimamizi anayeuliza maana ya neno lililoandikwa kwenye fomu anaonyesha kwamba hakusoma sawasawa, na mimi nilikuwa nimekwisha kusemwa hivyo mara nyingi kutosha maisha yangu yote.

Jumatatu tarehe 18 Dakta Elisante alizikuta fomu hizo mezani pangu. Alifunga mlango. "Mama Agnesi, hii ni nini? Yonas sifuri? Badilisha. Mwandikie utafiti saa arobaini."

"Dakta, saini ni ya Mzee Yonas."

"Nisaidie. Unajua hawa wanatafuta nini? Wanatafuta pa kukata."

"Basi andika wewe, Dakta, utie saini yako pembeni." Kalamu hakuigusa. Nilijua kwa nini. Yeye mwenyewe, kwenye fomu yake, alikuwa ameandika utafiti saa mbili tu, kwa hofu ile ile. Mtu mwenye utafiti na asiye na mradi angeulizwa wafadhili wake ni nani na fedha zao zimeingia akaunti gani. Alitaka jambo lifanyike kwa mwandiko usio wake.

"Nilijua tu," alisema hatimaye, akiuangalia ukuta. "Mtu akisomea ukubwani, fomu anaiona kama msahafu."

Leo naweza kusema alikuwa na uchungu na hakuwa na pa kuumwaga. Siku ile sikuona uchungu wake, niliona tusi. Niliinuka, nikamwambia kwamba mimi siandiki ambalo mtu hakulisema, nikazirudisha fomu katika faili na kulifunga uzi. Na kuanzia hapo, kila baada ya majuma mawili, nilikwenda Mikumi nikapokea sifuri za Yonas bila kumuuliza neno. Mvua za vuli, zilizoanza na manyunyu ya Oktoba, zilikolea mapema Novemba. Mapipa yalijaa, naye akawa anaamka kabla ya mapambazuko kuyawahi. Nilimkuta mara mbili viatu vimelowa na macho mekundu. Tarehe 27 Novemba nilijumlisha. Majuma manane, saa mia tatu themanini na nne, zote katika safu ya nne. Nilihakiki mara mbili. Jumla ilikuwa sahihi.

Matokeo yalikuja kwa posta Alhamisi tarehe 17 Februari 1994: jedwali refu la idara na vituo vyote vya chuo, na mbele ya kila jina sehemu ya matumizi yake iliyo utafiti. Nililipitia kwa kidole. Mbele ya Kilosa na Mikumi, katika safu ya kufundisha, palikuwa na kistari. Katika safu ya utafiti, kistari kingine chembamba, kwa kuwa zile saa mbili za Dakta walizihesabu makao makuu anakolipwa. Chini ya jedwali palikuwa na maelezo kwamba sehemu zisizofundisha wala kutafiti zitaangaliwa upya. Nilikaa. Nilielewa yote mara moja, kama mtu anayesikia jina lake likitajwa msibani. Kesho yake nilichapa barua ya kurasa mbili, nikaeleza habari za mwaka 1986, za posho na za neno lenyewe, nikaambatanisha kurasa za daftari la Yonas zilizoonyesha vipimo vya majuma yale yale manane. Dakta aliisaini bila kuisoma. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Jibu halikuja. Badala yake, Jumatatu tarehe 28 Machi, alikuja Bwana Kasimu mwenyewe, akiwa njiani kwenda kwingine. Alikuwa amekonda. Aliketi barazani pale pale alipokula wali, barua yangu mkononi.

"Mama, kwa nini hamkuniambia?"

"Hukutuuliza."

"Fomu iliuliza!"

"Nasi tuliijibu."

Alifunika uso kwa viganja. "Mimi nilidhani neno hili kila mtu analijua. Ni chuo kikuu, mama. Nilidhani katika chuo kikuu neno la kuelezwa ni lolote lile isipokuwa hilo."

"Basi rekebisha, mwanangu. Ushahidi huo hapo."

"Ripoti imekwisha kwenda wizarani, na wafadhili wana nakala. Nilimwonyesha mkurugenzi barua yako. Ameniuliza swali moja: kama tukibadilisha namba za Kilosa baada ya Kilosa kuona matokeo, nani ataziamini namba za wengine?" Alinitazama. "Nilikosa jibu. Wewe unalo?"

Hilo ndilo lililonichosha miaka yote: kwamba katika nafasi ya mkurugenzi yule, ambaye sikuwahi kumwona, ningesema maneno hayo hayo. Niliwahi kuyasema, katika chumba kilichokuwa nyuma yetu, mlango ukiwa umefungwa. Bwana Kasimu alikataa chakula, akaomba maji, akanywa akiwa amesimama. Gari lake lilipoondoka nilirudi mezani na kuanza tena kupitia vipimo vya Machi, kwa sababu vilikuwa vimefika na havikuwa na kosa lolote.

Barua ya kufunga kituo ilifika Jumatano tarehe 11 Mei. Mimi na Dakta tulihamishiwa makao makuu. Nafasi ya mpimaji wa Mikumi ilifutwa kuanzia tarehe 30 Juni, kwa sababu shughuli zake hazikuhusiana na majukumu ya msingi ya chuo. Dakta alisema atampelekea Mzee Yonas habari hizo yeye mwenyewe. Nikamwambia hapana. Kesho yake nilipanda basi. Masika yalikuwa mwishoni, na barabara ilikuwa mbaya kiasi kwamba tulishuka mara tatu kusukuma. Nilifika saa nane na nusu mchana. Mzee Yonas alikuwa ametoka mapipani, suruali imekunjwa hadi magotini, karatasi kumi na mbili zikiwa juu ya jiko. Nilimwamkia, nikampa bahasha. Aliifuta mikono kwanza. Alisoma polepole, midomo ikicheza, akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Ni mimi," nilimwambia kabla hajasema neno. "Dakta alitaka tuandike utafiti. Nilikataa. Nilisema saini ni yako."

"Ilikuwa yangu."

"Nilijua kwamba si kweli, Mzee. Nilikaa hapa, nikaona karatasi zinaning'inia, nikajua."

Alikaa kwenye kigoda. Hakukasirika. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira njia nzima kutoka Kilosa, na sikuwa nimejiandaa kwa lolote lingine. Aliikunja barua kufuata mikunjo yake, akaiweka katika mfuko wa shati, na akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kuelekezwa na aliyesoma: "Mama Agnesi, kufundisha sikufundisha. Utafiti, wamesema hapana. Ofisi sikuwa nayo. Sasa hiyo miaka kumi na saba nilikuwa nafanya nini?"

Nilikuwa na cheti, nilikuwa na ukarani wa miaka mitano, nilikuwa nimechapa kurasa mbili za maelezo ambayo kila neno lilikuwa mahali pake, na sikuweza kumpa mzee yule neno moja la kuweka katika nafasi ile. Lori lilipita. Karatasi kwenye kamba zikatikisika zote pamoja.

Yeye ndiye aliyeinuka. "Zimekauka," alisema. "Zikikaa zitavuta unyevu." Akaifuta mizani kwa kitambaa, akaisawazisha, akaitoa karatasi ya kwanza kwa koleo ndogo. Macho yake yalikuwa yamevimba siku ile, basi nilisogea nikamsomea namba, naye akaandika. Kitalu cha kwanza, cha pili, hadi cha sita, kila kimoja mara mbili kama ilivyotakiwa. Tulipomaliza akanipa daftari nihakiki, nikahakiki. Kisha, kwa mkono wangu, chini ya mstari wa mwisho, nikaandika tarehe kamili, na muda tulioanza, na muda tuliomaliza: saa tisa kasoro dakika tano hadi saa kumi na robo. Hakuna aliyeuomba. Mzee Yonas aliutazama, akachukua kalamu, akatia saini yake pembeni.